Mafua makali: Usichochee kinga, na usiizime kabla ya wakati

Msomaji, ingia katika maduka mengi ya dawa mjini msimu wa baridi, useme una mafua na kifua kinakubana. Aghalabu utatoka na vitu viwili. Cha kwanza ni chupa ya vidonge vya "kuongeza kinga", vyenye picha ya machungwa na bei ya kukutoa jasho. Cha pili ni sindano, au tembe ndogo nyeupe zisizo na jina zilizotiwa katika bahasha ya khaki, ambazo utaambiwa ni za "kukausha mafua". Mara nyingi hizo za bahasha ni steroidi. Ukizilinganisha utaona jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la hatari. Dawa moja inadaiwa kuichochea kinga ya mwili, na nyingine kazi yake hasa ni kuituliza. Umelipia kukanyagiwa mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Siandiki haya ili kuwavunjia heshima wauzaji wa dawa. Wengi wao wamesomea kazi yao, na katika mitaa yetu ndio tabibu wa kwanza ambaye mwananchi wa kawaida anaweza kumwona bila kupanga foleni tangu alfajiri. Lakini biashara hii ya kuchochea na kuzima imejengwa juu ya dhana moja potovu: kwamba ukilemewa na mafua, basi kinga yako ni "ndogo", na yakikupitia kwa urahisi, kinga yako ni "kubwa". Kinga haipimwi kwa kibaba. Jambo linaloamua zaidi ni wakati, yaani kinga iliamka lini, ilikwenda wapi, na ilitulia lini.

Kiswahili chetu nacho kinatutatiza kidogo hapa. Neno "homa" tunalitumia kwa joto la mwili, na papo hapo tunalitumia kwa ugonjwa wenyewe. Mtu husema "nina homa" akimaanisha ana mafua, au ana malaria, au mwili unamchemka tu na hajui sababu. Kumbe joto hilo halitoki kwa virusi. Chembechembe nyeupe za damu zikigundua kuna mvamizi, hutoa kemikali ambazo hufika ubongoni na kuuamuru upandishe joto. Maumivu ya viungo, uchovu na kukosa hamu ya chakula huletwa na kemikali hizo hizo. Hata kamasi la kijani, ambalo limewafanya watu wengi kukimbilia antibiotiki, rangi yake hutokana na chembechembe nyeupe zilizojaa humo. Peke yake si dalili kwamba unahitaji antibiotiki.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya kile unachokiita ugonjwa ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Kwa kawaida kazi hiyo huisha kwa wiki moja hivi, ukarudi kazini, na hakuna anayeikumbuka. Swali ni kwa nini kwa watu wachache kazi hiyo hiyo hugeuka kuwa maangamizi. Tangu kisa cha kwanza cha COVID-19 kilipotangazwa nchini mnamo Machi 13, 2020, sote tulishuhudia familia ambazo virusi vile vile viliingia nyumba moja, mke akapoteza hisia ya harufu kwa siku nne, naye mume akaishia kutafutiwa mtungi wa oksijeni.

Hebu tufuatane na virusi vyenyewe. Viwe vya influenza, vya korona au vya ukoo mwingine, huingia katika seli zilizotanda ndani ya pua na koo. Seli iliyovamiwa haikai kimya. Katika muda wa saa chache hutoa kemikali ya kupiga kamsa iitwayo interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London, wakaipa jina hilo kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuingilia kati, kwa sababu iliingilia kazi ya virusi. Interferoni haiui virusi kwa mkono wake. Huzionya seli jirani zifunge milango na zisikubali kutumiwa kama kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, kisha huwaita askari wa kwanza. Kikosi kilichofunzwa kwa adui huyo hasa huchukua siku tano, saba au zaidi kuwa tayari. Katika kikosi hicho kuna chembechembe nyeupe zinazosaka na kuangamiza seli zenye virusi, na kuna kingamwili, yaani protini zinazovinasa virusi kabla havijaingia ndani ya seli.

Virusi navyo si wajinga. Vile vya influenza vina protini maalumu ya kuinyamazisha kamsa hiyo, na vya korona vina kadhaa. Hapo ndipo mambo huamuliwa.

Chukua mfano wa moto unaozuka usiku katika soko la Gikomba. Majirani wakiuona mapema, ndoo chache za maji na mchanga hutosha, na kufikia asubuhi hasara ni ya kibanda kimoja. Wakipitiwa na usingizi, moto huwa umeshashika mbao na mitumba ya safu nzima, na wazima moto wakifika hawana budi kubomoa hata vibanda ambavyo havijaguswa na kumwaga maji kila pahali. Kesho yake mwenye duka akikadiria hasara hawezi kukuambia ipi ililetwa na moto na ipi ililetwa na kuzima moto. Mapafu ya mtu aliyepatwa na nimonia kali ya virusi huwa katika hali hiyo.

Na mapafu ni pahali pabaya pa kupigania vita. Ukuta unaotenganisha hewa na damu humo ndani haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukijikata kidole, kinga hufungua mishipa midogo ya damu ili askari wapenye, na kidole huvimba kidogo bila kukudhuru. Mishipa hiyo ikifunguka katika mapafu yote mawili, maji ya damu huvuja na kujaza vifuko vya hewa, damu huanza kuganda katika vijishipa, na mgonjwa hukosa hewa ilhali chumba kimejaa hewa. Wengi wa wale waliozidiwa na COVID-19 walianza kuhema wiki moja hivi baada ya dalili za kwanza, wakati ambapo virusi kwa kawaida vilikuwa vimeanza kupungua. Magazeti na redio wakati huo walipenda kuliita jambo hili "dhoruba". Mimi neno hilo silipendi sana, kwa kuwa linamfanya mtu adhani kinga imerukwa na akili ghafla bila sababu. Kwa wengi sababu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, nayo ni kamsa iliyochelewa.

Hii si dhana tu ya daktari wa mtaani. Septemba 2020, kundi la watafiti lililoongozwa na Jean-Laurent Casanova lilichapisha matokeo yaliyonishangaza. Walichunguza damu ya wagonjwa 987 waliokuwa na nimonia ya COVID-19 ya kutishia maisha. Wagonjwa 101 kati yao walikuwa na kingamwili zilizokuwa zikiishambulia interferoni yao wenyewe. Yaani mwili ulikuwa ukimziba mdomo mpiga kamsa wake. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Walipochunguza watu 1,227 wenye afya, waliopatikana na hali hiyo walikuwa wanne tu. Watu kama hao huenda wakaishi miaka mingi bila kujua chochote, hadi siku wanapokutana na virusi vigeni. Utafiti wa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba baadhi ya vijana wa kiume waliozidiwa walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo TLR7, inayosaidia mwili kuvitambua virusi. Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, mwanamume anayo moja, na ikiwa mbovu hana ya akiba.

Uzee hufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia ya polepole. Kamsa ya mzee huchelewa, na papo hapo mwili wake huwa tayari una uvimbe wa chinichini ambao haukomi. Kisukari na unene wa kupita kiasi huongeza uvimbe huo. Watoto wengi, kinyume chake, walionekana kuwa na pua zilizo macho: seli zao za njia ya hewa huwa tayari kupiga kamsa hata kabla ya virusi kufika. Ndiyo sababu korona iliwapita kwa wepesi zaidi kuliko babu zao, ingawa kinga yao ilikuwa bado haijajifunza mengi.

Kuna mfano wa kale ambao huwatatiza watu. Influenza ya mwaka 1918, iliyoua watu wapatao milioni 50 duniani na ambayo ilitufikia kupitia bandari ya Mombasa, ilikuwa na tabia ya ajabu. Badala ya kuchukua wazee na watoto wachanga peke yao, iliwafyeka vijana wenye nguvu wa kati ya miaka 20 na 40. Wanasayansi walivifufua virusi hivyo katika maabara, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona kwa nyani walioambukizwa: kinga ya awali ilivurugika, haikuvidhibiti virusi, na wala haikutulia. Lakini nisiwadanganye kwamba hiyo ndiyo hadithi nzima. Maelfu ya marehemu wa 1918 waliuawa na nimonia ya bakteria iliyoingia katika mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa, na wakati huo hapakuwa na antibiotiki hata moja.

Sasa turudi kwa ile bahasha ya khaki. Ikiwa kinga ndiyo inayobomoa mapafu, kwa nini tusiitulize mara moja? Swali hilo ni zuri, na lilijibiwa kwa utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza ukiitwa RECOVERY, uliotangaza matokeo yake Juni 2020. Wagonjwa 2,104 waliolazwa hospitalini walipewa deksamethasoni, steroidi ya bei rahisi ambayo tumekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 60, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10. Wengine 4,321 walitibiwa kwa njia ya kawaida. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumulishwa kwa mashine, waliofariki katika siku 28 walipungua kutoka asilimia 41 hadi asilimia 29. Hayo ni mafanikio makubwa mno kwa dawa ambayo hata hospitali ndogo inaweza kuinunua. Kwa wale waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vifo vilipungua pia, kutoka asilimia 26 hadi 23.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni walipopewa dawa hiyo hiyo, waliofariki walikuwa asilimia 17.8, ilhali wasiopewa walikuwa asilimia 14. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwaua. Ilitosha kuthibitisha kwamba haikuwasaidia, na kututia wasiwasi. Maelezo yake tumekwisha kuyaona. Katika siku za mwanzo kinga ndiyo inayovizuia virusi. Ukiituliza wakati huo, umewanyang'anya majirani ndoo zao.

Mwenye mafua anayechomwa sindano ya steroidi siku ya pili atakuambia kwamba ilimsaidia sana, na hasemi uongo. Joto hushuka, viungo hulegea, hamu ya chakula hurudi, hata furaha fulani humjia. Amezimiwa kamsa, na moto hausikii. Mwaka 2021 nilimtibu kinyozi wa umri wa miaka 38 ambaye alichomwa sindano kama hiyo katika duka moja la dawa, akarudia baada ya siku mbili kwa sababu "ilimkubali", akaendelea kunyoa wateja. Siku ya nane alishindwa kupanda ngazi za nyumba yake. Tulipompima, sukari katika damu yake ilikuwa juu sana, naye hakuwa amewahi kujua kwamba ana kisukari. Alipona baada ya kulazwa siku 11. Siwezi kuapa kwamba sindano ndiyo iliyomlaza, kwani huenda angelazwa bila hiyo. Ninachojua ni kwamba ilimpa siku tano za kujiona mzima huku ugonjwa ukipiga hatua, na ikaipandisha sukari ambayo hakuna aliyekuwa ameipima.

Walioona hatari hii kwa kiwango cha kutisha ni ndugu zetu wa India. Katika wimbi la 2021, maelfu ya wagonjwa wa korona, wengi wao wenye kisukari na waliotiwa steroidi nyingi, walishambuliwa na fangasi anayekula pua, macho na ubongo. Wengine waling'olewa jicho ili waokolewe.

(Neno moja la tahadhari. Ikiwa wewe ni mgonjwa wa pumu unayetumia dawa ya kuvuta, au una maradhi mengine ambayo daktari wako alikuandikia prednisoloni, usiache dawa yako kwa sababu ya makala haya. Kuiacha ghafla kunaweza kukuua. Ninazungumzia sindano ya kukisia, kwa mtu mwenye mafua ambaye hakupimwa.)

Upande wa pili wa sarafu ni interferoni yenyewe, na hapa wasomaji wenye umri kama wangu watakumbuka jina Kemron. Dawa hiyo iliyotangazwa na KEMRI mwaka 1990 kwa shangwe kubwa kuwa tiba ya Ukimwi, ilikuwa ni interferoni ya kiwango kidogo iliyowekwa mdomoni. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba ilisaidia, na watu waliokuwa wameuza mali wakabaki na majuto. Miaka 30 baadaye interferoni ilijaribiwa tena, safari hii kwa korona. Shirika la Afya Duniani liliwapa wagonjwa waliokwisha kulazwa hospitalini, na mwaka 2020 likatangaza kwamba haikupunguza vifo. Kisha watafiti wa Brazili na Kanada wakatumia interferoni ya aina nyingine kwa njia tofauti. Walimchoma mgonjwa sindano moja tu katika siku saba za kwanza za dalili, akiwa bado nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliohitaji kulazwa au kukaa katika chumba cha dharura walikuwa asilimia 2.7, ikilinganishwa na asilimia 5.6 ya wasiopewa.

Umeona, msomaji? Interferoni ilifaa mapema, ikakosa maana baadaye. Steroidi haikufaa mapema, ikaokoa maisha baadaye. Anayekuuzia zote mbili siku moja, bila kukuuliza umeugua tangu lini wala kukupima pumzi, hakutibu.

Na kuhusu hizo za "kuongeza kinga", nitasema machache kwa sababu hazistahili mengi. Hakuna kipimo chochote hospitalini kinachoonyesha kwamba kinga yako imepanda kutoka debe moja hadi mawili, kwa hivyo anayedai amekuongezea hana jinsi ya kukuthibitishia. Vitamini C imechunguzwa kwa miongo mingi. Kwa watu wazima wanaoitumia kila siku mwaka mzima, mafua hupungua urefu kwa asilimia 8 hivi, ambayo ni kama nusu siku. Wanaoanza kuitumia baada ya kuugua hawaoni faida ya kuaminika. Tangawizi, limau na asali katika maji moto, kile kinywaji ambacho hotelini huitwa "dawa", kinywe ukipenda. Hulainisha koo na bei yake ni nafuu. Ila aliyeuziwa limau moja kwa bei ya tano mwaka 2020 hakununua kinga.

Isitoshe, hata kama ungeweza kuongeza kinga kwa jumla, si kila ongezeko ni heri. Kuna virusi viitwavyo RSV ambavyo ni adui mkubwa wa vifua vya watoto wachanga, na ambavyo watafiti wetu wa Kilifi wamevichunguza kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1960 huko Marekani kulifanyiwa majaribio chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa formalini. Ilichochea kinga, naam, lakini kinga ya aina isiyofaa: kingamwili zisizoweza kuvinasa virusi barabara, pamoja na uvimbe mwingi. Katika kundi moja la watoto 31 waliochanjwa, 20 waliambukizwa RSV baadaye, 16 kati yao wakalazwa, na wawili wakafariki. Wale ambao hawakupewa chanjo hiyo waliugua kwa wepesi zaidi. Utafiti wa chanjo ya RSV ulirudi nyuma kwa miongo, na ilikuwa ni 2023 ndipo chanjo salama ya kumchanja mama mjamzito, ili amrithishe mtoto kingamwili, ilipoidhinishwa Marekani.

Najua kuna watakaochukua kisa hicho kuwa hoja ya kukataa chanjo zote. La hasha. Kisa hicho ndicho kilichowafunza wanasayansi kuuliza, kabla ya kuidhinisha chanjo ya kifua, si tu kama inaamsha kinga bali inaamsha kinga ya aina gani. Chanjo nzuri hufanya jambo moja la maana katika hadithi yetu ya wakati: kikosi kilichofunzwa, badala ya kuchukua wiki, huwa tayari kimo kambini. Ndiyo maana wengi waliochanjwa dhidi ya korona, tangu shehena ya kwanza ilipotua Nairobi Machi 3, 2021, waliendelea kuambukizwa lakini wakaugua nyumbani. Chanjo ya mafua ya influenza nayo ipo katika kliniki nyingi za kibinafsi. Wazee, wajawazito na wenye kisukari au maradhi ya moyo wangefaa kuitafuta, na serikali ingefaa kufikiria kuwapunguzia gharama. Kadhalika, chanjo ya nyumokoka ambayo watoto wetu wamekuwa wakipewa bila malipo tangu 2011 huwalinda dhidi ya mojawapo ya bakteria wale wanaoingia baada ya virusi kuvunja mlango.

Nisieleweke kwamba nasema kinga dhaifu haina madhara. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, mtoto mwenye utapiamlo, mgonjwa wa saratani anayepata matibabu makali, hao hushindwa kwa njia nyingine. Kamsa inapigwa lakini askari hawapo. Katika jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, mwaka 2020, watu wenye virusi vya Ukimwi walikuwa katika hatari ya kufa kwa korona takriban mara mbili ya wengine. Kwa mtu kama huyo, dawa ya kuongeza kinga ni ARV zake, na zinatolewa bila malipo. Nimewaona watu wakiacha hizo ili wanunue mitishamba ya kinga, na nakasirika hadi leo.

Kisheria, sindano na tembe za steroidi ni za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Bodi ya Famasia na Sumu inajua hivyo, wauzaji wanajua hivyo, na bahasha ya khaki isiyo na jina la dawa ipo kwa sababu hiyo hiyo. Ningependa kuona kanuni moja rahisi ikifuatwa: hakuna dawa inayotoka dukani bila jina lake kuandikwa. Mgonjwa akifika kwangu akiwa anahema, niweze kujua alichomeza. Na kaunti zetu, ambazo wakati wa korona zilikimbizana kununua mitungi ya oksijeni, zingefaa kutuonyesha ni zahanati ngapi leo zina kile kifaa kidogo cha kubana kidole cha kupimia oksijeni, na ngapi zina oksijeni yenyewe.

Kifaa hicho sasa unaweza kukinunua mwenyewe, na ni matumizi bora ya pesa kuliko ile chupa yenye picha ya machungwa. Kwa mtu mzima asiye na maradhi ya mapafu, ikisoma chini ya 94 ukiwa umetulia, nenda hospitalini. Chini ya 90 ni dharura. Lakini fahamu kwamba vifaa hivi vilitengenezwa zaidi kwa kupimwa kwa watu weupe. Watafiti wa Michigan walionyesha mwaka 2020 kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwa hivyo ikisoma 95 na mgonjwa anahema, amini kuhema.

Ikiwa huna kifaa, una saa. Andika ukutani au kwenye simu tarehe ya dalili ya kwanza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza nitakalokuuliza. Kati ya siku ya tano na ya kumi ongeza uangalifu, hata kama joto limeshuka. Mtu mzima aliyepata nafuu kisha homa ikamrudia, anayechanganyikiwa, anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, au ambaye midomo imebadilika rangi, apelekwe hospitalini usiku huo huo. Kwa mtoto, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya. Ukiona nyama ya chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta hewa, usingoje kumaliza kuhesabu.